Chakula Kisicho na Mpishi

Homa Bay
4 Machi 1996

Wifi yangu Robi,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, kisha uwagawie watoto na ng'ombe, ukianza na yeyote unayempenda zaidi. Sisi huku hatujambo. Jua linachoma, samaki wapo, na kaka yako Maroa bado anakoroma. Kazini wamempa baiskeli ya kuzungukia mita za maji, na sasa anapiga kengele hata akiwa anaenda chooni.

Mzee alifika salama. Kwa kuwa baba hawezi kulala nyumba moja na mwanawe na mkazamwana, Abdurahman mwenye ploti alitupa kile chumba cha mwisho alichokuwa akiwekea magunia. Nimekifagia, nimeweka kitanda, meza na kiti. Chini ya kitanda kuna kuku wangu wa kahawia ambaye amezoea kutagia humo. Nilitaka kumhamisha, Mzee akakataa.

Sasa nimeelewa kwa nini. Najua kwenu mkwe na mkazamwana huheshimiana kwa kuachiana nafasi, hata kwetu Uriri ni hivyo. Lakini baba yenu amezidi. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia kuku! Jana niliweka chakula mezani, nikamsikia: "Kuku, ambia huyu mama mimi nimeshiba." Na anasema kwa Kiswahili, Robi, si Kikuria, ili kuku asikie vizuri mpaka mimi nilipo jikoni. Nilicheka hadi nikaunguza sukuma wiki.

Zahanati tunaenda Jumanne na Ijumaa. Kidonda cha kidole gumba bado kibichi. Sista Nyabuto anayemsafisha ametufunza sisi wote wa benchi jinsi ya kumlisha mtu mwenye sukari: maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, matunda kiasi cha kiganja, njugu kidogo juu yake. Anasema ni chakula laini kwa mtu asiye na meno mengi. Nataka kumtengenezea Mzee. Niambie, anapenda maziwa ya namna gani?

Anakula kidogo kidogo. Maji ya kunywa anataka yachotwe na Maroa, sijui kwa nini.

Wako anayekukumbuka,
Dorine


Ntimaru
19 Machi 1996

Kwa wifi Dorine, mke wa mpiga kengele,

Ni mimi Robi mwenye mikono inayonuka zizi. Tuko salama. Mvua imeanza kunyesha, mahindi yamechomoza, na mume wangu amenunua kofia inayomfanya afanane na naibu chifu. Sijamwambia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Huyo kuku mlinde. Nyumbani huyo baba yetu, Tata, alikuwa akizungumza na mlango.

Kuhusu maziwa, hapendi ya mtu mwingine yeyote. Ni ya Kimweupe tu, yule ng'ombe wake mweupe mwenye pembe moja iliyopinda. Nimekamua, nimegandisha katika kibuyu cha marehemu mama nilichokifukiza kwa mkaa wa mti ule ule wa siku zote. Abdurahman amekuja kununua ng'ombe huku, nimempa kibuyu pamoja na barua hii. Ameapa atakishika mapajani mpaka Homa Bay. Kila atakapopita nitatuma kingine, na wewe urudishe kilichoisha.

Umeandika kwamba anakula kidogo kidogo. Kidogo kidogo ni kiasi gani, Dorine? Unamjua Maroa, nikimuuliza ataniambia mambo ya mita.

Kuna jambo la zamani nilitaka kukuandikia, lakini karatasi imekwisha na Abdurahman anapiga honi.

Robi


Homa Bay
2 Aprili 1996

Robi,

Salamu. Tuko wazima, na huo ndio urefu wa salamu zangu leo kwa sababu nina hasira na nina aibu, na sijui ipi imetangulia.

Kibuyu kilifika vizuri. Maziwa yalikuwa mazito na yananukia moshi, hata mimi nilimeza mate. Nikasema leo ndiyo leo. Nikanunua papai lililoiva, nikalimenya, nikalikatakata, nikaingiza vipande vyote ndani ya kibuyu kupitia shingo, nikatikisa, nikakiacha hapo usiku kucha ili viingiane. Asubuhi nikammiminia Mzee bakuli lililojaa, nikanyunyiza njugu juu. Nikajificha nyuma ya mlango.

Kwa mara ya kwanza tangu aje, alichukua kijiko. Nadhani ni harufu ya kibuyu cha mama yenu iliyomshinda. Akatia mdomoni. Kisha akatema, akasimama na ule mguu wake, akasema kwa sauti iliyosikika ploti nzima: "Kuku, nyumba hii wameniwekea dawa!"

Robi, majirani walitoka nje. Habon mke wa Abdurahman alitoka akiwa na unga mikononi. Mimi nilisimama pale kama mwizi. Nilionja yale maziwa, yalikuwa machungu kama kwinini.

Nilikimbia hadi kwa Sista Nyabuto na bakuli mkononi. Alionja, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe papai likilala ndani ya maziwa huyafanya yawe machungu, kila mtu aliyesoma upishi anajua ila mimi. Matunda hukatwa wakati wa kula, dakika hiyo hiyo. Nilirudi kumweleza Mzee, akageuza uso ukutani. Akamwambia kuku kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anatia kitu kingine ndani ya kibuyu cha maziwa.

Sasa sikiliza, maana nilikudanganya. Hakuna kidogo kidogo. Tangu afike hajala hata tonge kutoka kwangu. Mwezi mzima! Anaenda na fimbo yake hadi kibanda cha chai kando ya stendi, anakunywa chai yenye sukari vijiko vinne na mandazi matatu, asubuhi na jioni. Kidonda kimeanza kunuka. Sista ameniambia bila kuficha: akiendelea hivi wiki chache, kidole kitakatwa, na baada ya kidole hawezi kuahidi kitu kuhusu mguu.

Nimemuuliza Maroa kwa nini baba yake hali kwangu. Akaangalia baiskeli. Robi, mimi si mtoto. Kuna nini mnachonificha ninyi wawili?

Dorine

Kibuyu nimekiosha kwa maji moto mara sita. Sijatumia sabuni. Nisamehe.


Ntimaru
20 Aprili 1996

Dorine mpenzi,

Barua yako ilikaa siku kumi na mbili ndani ya lori la Abdurahman lililokwama matopeni Ogwedhi. Nimeipata leo asubuhi na leo hii hii naijibu, ng'ombe wanalia hawajakamuliwa, na walie.

Kibuyu ni kibuyu. Mama angecheka kuliko huyo sista. Hilo limekwisha.

Lile jambo la zamani ni hili. Kabla Maroa hajakuona, Tata alikuwa amemwahidi rafiki yake hapa Ntimaru kwamba Maroa atamwoa binti yao, Nyangi. Walikuwa wamekwisha kuitana mkwe sokoni. Kisha Maroa akarudi na jina lako mdomoni na kichwa kigumu. Tata aliaibika. Siku wazee walipokaa kuzungumzia posa yako, alisimama mbele yao wote akasema: "Ng'ombe nitatoa kwa sababu ni kijana yangu. Lakini mkono ya huyo mwanamke haitanipa chakula wala maji." Ndiyo maana Maroa anachota.

Nyangi mwenyewe aliolewa zamani na mtu anayempenda, ana watoto watatu, wala hamkumbuki Maroa. Tumebaki na neno la Tata tu, na unajua mzee wetu neno lake lilivyo. Hata kama ameanza kulichoka, atalilinda hadi kidole kikatwe. Tulikuficha kwa sababu tulikupenda mapema, tukadhani neno litajifia lenyewe. Tulikosea. Nilie nikikuandikia? Nimelia.

Sasa fungua masikio. Sista amesema matunda yakatwe dakika ya kula. Basi asikate mtu mwingine, akate yeye! Fanya hivi. Kila asubuhi, kabla hajaamka kwenda kwenye mandazi yake, weka mezani kibuyu, bakuli tupu, tunda zima ambalo halijaguswa na kisu, na njugu mbichi. Nimefunga humu kisu chake cha zamani, kile cha mpini wa pembe. Usimenye. Usikate. Usikoroge. Usimpe mkononi, usiseme karibu. Weka na uondoke. Maziwa ni ya ng'ombe wake, kibuyu ni cha mke wake, kisu ni chake. Chakula hicho hakina mpishi, neno lake halijavunjwa.

Kuna shida moja tu. Kwa watu wa rika lake, matunda ni ya watoto wanaochunga na ya ndege. Hawezi kutafuna pera watu wakimwona. Kwa hiyo mfungie mlango, na usichungulie. Najua utachungulia.

Maroa apike? Tungempoteza Mzee kabla ya kidole.

Ndugu yako Robi, kama bado unanitaka


Homa Bay
10 Mei 1996

Wifi Robi, jambazi wangu,

Nakusalimu wewe, mume wako na kofia yake. Huku tuko wazima. Maroa nilimnunia siku tatu kwa ajili ya ile siri, siku ya nne akaniletea ngege mkubwa kutoka ufukweni, akamparua magamba mwenyewe na kujikata. Nimemsamehe kwa ajili ya samaki. Wewe nimekusamehe kwa ajili ya kisu.

Nililia pia, nisikufiche. Miaka minne tangu niolewe, kila tukija huko, nimekuwa nikidhani labda mimi ni mchafu, au chakula changu kinanuka. Kumbe ni neno tu la siku moja. Niliposoma barua yako nilimwonea huruma yeye kuliko mimi.

Siku ya kwanza niliweka kila kitu mezani, nikatoka. Nikarudi jioni, kila kitu kilikuwa pale pale. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu maziwa yalikuwa yamepungua vidole viwili. Siku ya nne nilimwona kuku akitoka chumbani na ganda la pera mdomoni, anakimbia nalo uani mbele ya wenzake! Nilishika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Habon alikuwa akinitazama dirishani, naye akajifunika ushungi.

Tangu hapo mambo yamekuwa makubwa. Mandazi ameacha. Mlango unafungwa saa moja asubuhi, unasikia kisu kikigonga bakuli, kisha kimya cha mtu anayekula. Njugu mbichi hazikumfurahisha, akamwambia kuku anahitaji jiko. Nikaweka jiko la makaa mlangoni. Mzee Mniko mzima, baba wa watu, anakaanga njugu kwenye kifuniko cha sufuria, kisha anazisaga kwa chupa ya soda! Na sasa amekuwa mjuzi. "Kuku, ambia huyo mama pera ya jana ilikuwa imeiva sana, ilete ile ngumu kidogo." "Kuku, hii papai ni ya maji, iko wapi ile ya Jumatatu?" Juzi ameomba ndizi moja ndogo na simsim. Amegundua kwamba pera likikatwa dogo dogo pamoja na ganda lake halimsumbui fizi. Nimemwambia Sista, ameandika kwenye daftari lake.

Kidonda kinafunga. Sista amesema kidole kitabaki mahali pake.

Lakini bado hajanitazama usoni, Robi. Nilidhani kidole kikipona nitaridhika. Sijaridhika. Na yule kuku analalia mayai tangu mwisho wa mwezi uliopita, haondoki chini ya kitanda, kwa hiyo ujumbe unapita vizuri sana.

Dorine


Ntimaru
24 Mei 1996

Dorine,

Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni. Kimweupe anakusalimu, ingawa namkamua kwa ajili yenu hadi ameanza kunitazama vibaya.

Nimesoma habari ya njugu na chupa ya soda. Sikumsomea mtu yeyote. Nimeificha chini ya godoro, siku Tata akinigombeza nitaitoa.

Usimharakishe. Nami nitakuambia kitu ambacho hukuniuliza. Maroa alipokuwa mdogo, mama alienda kwao miezi miwili kumuuguza bibi. Tata alitulisha sisi wawili maziwa kila siku, na alikuwa akituchumia mapera porini akidhani hatujui ni nani anayeyaweka juu ya mawe ya jiko. Asubuhi tunayakuta tu. Hajawahi kukiri hata leo. Kumpa mtu mkononi kunamshinda, hata akiwa anampenda.

Mayai yanaanguliwa siku ishirini na moja. Nimehesabu. Je, kuku akienda zake na vifaranga, Tata atazungumza na nani?

Robi


Homa Bay
9 Juni 1996

Robi wangu,

Leo salamu zisubiri, nitazileta mwishoni nikizikumbuka.

Vifaranga kumi na mmoja walitoka. Siku mbili baadaye mama yao akawaongoza nje hadi kwenye jaa nyuma ya ploti, na hakurudi tena chumbani. Mzee hakuwa tena na wa kumtuma. Alikuwa akifungua mdomo, anatazama chini ya kitanda, anaufunga. Siku moja nilimsikia akianza, "Kiti, ambia..." kisha akaona aibu, akaacha.

Jumatano nilishikwa na malaria. Maroa alikuwa amepelekwa Mbita kwa kazi. Nililala siku nzima, sikuweka kibuyu mezani, sikuweka tunda, sikuweza hata kusimama. Nikawa nafikiri, leo atarudi kwenye mandazi, na kazi yetu yote imekwenda.

Mchana nikasikia fimbo uani. Inagonga, inanyamaza, inagonga. Ikafika mlangoni kwangu ikasimama. Nikajua ni yeye, nikavuta shuka hadi shingoni. Hakuingia. Niliona mkono wake tu, unasogeza kile kigoda changu cha kufulia hadi kizingitini, unaweka bakuli juu yake. Kisha akageuka akanipa mgongo ili nipate kula bila kuona haya.

Na akasema, "Dorine."

Miaka minne, Robi! Sikujua kama analijua jina langu.

Akasema, "Kula, mwanangu. Hii sijaweka dawa."

Sijui kama nilianza kucheka au kulia. Nilitambaa hadi kizingitini. Alikuwa amechuma mapera mwenyewe kwenye mti ulio nyuma ya choo, mbele ya watu wote, akiwa na fimbo yake na kidole chake. Alikuwa ameyakata madogo sana. Papai lilikuwa tamu, njugu zilikuwa na moto bado. Nilikula lote, nikakomba bakuli kwa kidole, naye amesimama pale akitazama kamba ya nguo.

Nikamwambia, "Asante, Baba." Akakohoa. Akasema bila kugeuka: "Mimi nilisema mkono yako haitanipa. Sikusema mkono yangu haitakupa." Akaenda hatua tatu, akasimama tena. "Ukipona, wewe utakata. Mimi mkono imechoka."

Jumamosi nilisimama. Nilikata pera, nikakata papai, nikamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu cha mama yenu, nikampelekea. Nilidhani nitaweka mezani. Alinyoosha mikono yake yote miwili, akapokea.

Maroa amerudi jana, nikamweleza. Amekaa nje na baiskeli yake, anajifanya anatia mafuta kwenye mnyororo. Macho yake ni mekundu.

Hatujambo. Nyote mnasalimiwa. Hizo ndizo salamu.

Dorine


Ntimaru
30 Julai 1996

Dorine, binti wa Tata,

Natumaini malaria imekwisha kabisa na vifaranga hawajaliwa na mwewe. Huku tumeanza kuvuna.

Tata alifika Jumapili kwa lori la Abdurahman, amekaa mbele kama bwana harusi, kibuyu mapajani. Alishuka na viatu miguu yote miwili. Majirani walikuja kutazama hicho kidole, naye akawaonyesha kila mmoja.

Jana asubuhi alifunga safari kwa miguu hadi kwa yule rafiki yake, baba yake Nyangi, ambaye hawakuwa wamekaa pamoja tangu wakati wa posa yako. Alibeba maziwa na mapera mfukoni. Nimeambiwa waliketi uani wazee wawili, mlango wazi, wakikata matunda na kula, na watoto wanaochunga wakisimama kuwashangaa. Rafiki yake alimuuliza ni nani aliyemfundisha. Tata akasema, "Mke wa kijana yangu." Rafiki yake akasema, "Basi alichagua vizuri." Tata akasema, "Ndiyo."

Leo nikaona na mimi nijaribu. Nilichukua maziwa ya Kimweupe, nikakata pera, nikakata papai dakika hiyo hiyo kama sista alivyosema, nikakaanga njugu kwa kikaango kizuri. Nikampelekea. Akaonja kijiko kimoja. Akaweka bakuli chini, akatazama huku na huku uani mpaka akaona kuku.

"Kuku," akasema, "ambia Robi hii si ya Dorine."

Nilimwambia mimi nipo hapa, na nimesikia. Akaniambia basi nilete kalamu. Hiki kinachofuata ni chake, nimekiandika kama alivyokisema, nikiwa nimeinamisha kichwa ili asinione:

"Mwambie mavuno yakiisha aje. Maroa akiwa na kazi, abaki na baiskeli yake. Yeye aje. Na aje na mkono yake."

Robi